Kiboksi cha mwanga, marimba ya spoku na vijiko 12 vilivyonitia aibu harusini

Ngoja niseme mapema kabisa, ukienda pale kwa fundi redio wa Ngamiani, hapa Tanga, unatafuta kinanda utarudi mikono mitupu. Mzee hauzi vinanda vya kawaida. Anauza vitu vinavyolia, na vingine vinalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kwa hiyo kama we ni mtu wa do re mi iliyonyooka kaa na Yamaha yako roho itulie. Mi nimechukua vitu vitatu kwake ndani ya miezi mitano, viwili sivitoi hata uniletee nini, cha tatu nimekirudisha, na hicho cha tatu ndo kilichonifanya nikae niandike maana watu wameniuliza sana tangu ile harusi ya Mabawa.

Kwa asiyenijua, napiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu, na usiku nikiwa nyumbani natengeneza biti, singeli zaidi, pamoja na vitu vingine visivyo na jina ambavyo mdogo wangu anaviita nyimbo za friji bovu. Kwa hiyo naongea kama mtumiaji siyo fundi, ingawa na mimi risasi nimechomea kidogo na vidole nimeunguza.

Kibanda kiko Ngamiani kwenye zile barabara za namba. Sitaji ya ngapi, mwenyewe kaomba, kachoka na watu wanaokuja kupiga picha afu wanaondoka bila kununua hata waya. We ukifika maeneo ya soko la Mgandini uliza fundi redio anayetengeneza vitu vya kulia, utapelekwa. Ni chumba kimoja, maiti za redio mpaka darini, harufu ya risasi na kahawa, na ukutani zimetundikwa baiskeli mbili zisizo na magurudumu, hizo nitazirudia. Kazi yake ya kila siku ni redio, feni, na amplifaya za misikiti na za vikundi vya taarabu, anasema alianza akiwa mtoto wa kubeba spika enzi Tanga ina vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Hivi vitu vya ajabu anavifanya jioni. Pembeni yupo mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, huyo ndo mtu wa kompyuta. Lishike hilo, mzee ni wa waya na kijana ni wa programu, maana hukumu yangu yote imelalia hapo.

Tuanze na kiboksi cha mwanga, elfu thelathini na tano.

Hiki ndo kilinikamata. Nilipeleka redio ya mama iliyokata sauti, nikaamkia, mzee akaniambia kaa mwanangu, dakika kumi tu. Nikakaa. Mezani kulikuwa na mkebe wa biskuti wenye matundu matatu kwenye kifuniko, unanung'unika taratibu kama mtu anayeongea na meno yake, nikadhani ni redio nyingine mbovu. Nikapeleka mkono kuchukua kikombe cha kahawa, mkono ukapita juu ya mkebe, sauti ikazama mpaka chini. Nikarudisha mkono, ikapanda. Nikapitisha tena. Kahawa ikapoa, redio ya mama ikatengenezwa ikaisha, mi bado napunga mkono juu ya mkebe kama naagana na mtu stendi.

Ndani hamna maajabu na mzee hafichi, anakufungulia unaona. Kuna aisii (chipu) moja ya 40106, miguu 14, ndani yake ina milango sita. Kila mlango ukiupa rizista moja, ya kubana umeme, na kapasita moja, ya kuhifadhi umeme, unaanza kujigeuza wenyewe: kapasita inajaa, mlango unageuka, kapasita inamwaga, mlango unageuka tena, na kasi ya huko kujaa na kumwaga ndo sauti unayoisikia. Rizista kubwa, kapasita inajaa polepole, sauti nzito. Rizista ndogo, sauti nyembamba. Sasa kwenye milango mitatu mzee katoa rizista kaweka vijicho vya mwanga, kama vile vinavyowasha taa za nje magharibi ikiingia, kijicho kikiwa gizani upinzani wake unapanda, kikipata mwanga unashuka. Milango mitatu iliyobaki ina volyumu za kuzungusha kwa mkono. Vyote vinaingia kwenye LM386, ile aisii ndogo ya miguu minane ya kukuza sauti, vinatokea kwenye spika ya redio ya zamani au kwenye jeki ukitaka kuchomeka kwenye mikisa. Betri ya volti 9. Basi.

Watu wakiona nakipiga wananitajia yule Mrusi, Leon Theremin, ambaye mwaka 1920 alikuja na chombo unachokipiga bila kukigusa, unasogeza mikono hewani tu, antena moja ya kupandisha na kushusha noti, nyingine ya kukuza na kupunguza sauti. Hapana bana. Kile kinausikia mwili wako, hiki kinasikia mwanga, na tofauti yake utaiona siku ya kwanza ukifika nacho nyumbani, kwa sababu mwanga wa nyumbani kwako nao unapiga. Mi dirisha langu linaangalia mashariki, asubuhi ya saa tatu hakishikiki, kinapiga mluzi juu kabisa mpaka mbwa wa jirani anaitika. Wingu likipita, kinashuka chenyewe. Nimeshawahi kurekodi dakika arobaini nikiwa sijagusa kitu, nimekaa nakunywa chai, mawingu ya kutoka baharini yanapiga, na humo nimekata sekunde nane ambazo naona sitapata nyingine kama hizo maisha yangu.

Afu kuna jambo la taa. Ukikipiga chini ya taa ya umeme, hasa hizi balbu za bei rahisi au tyubulaiti, sauti inakuwa na mchanga ndani yake, inakwaruza. Nilidhani kibovu nikakirudisha siku ya pili, mzee akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe umeme wetu unayumba mara 50 kwa sekunde, na taa inapepesa mara 100, jicho lako halioni ila kijicho cha mwanga kinaona, kwa hiyo ile mikwaruzo ni taa yenyewe inaimba. Toka siku hiyo nachagua taa kama vile mtu anachagua kinanda. Tochi ya simu inatoa sauti safi. Taa ya barazani ina mchanga mtamu. Na siku umeme ulipokatika nikawasha kibatari nikakiweka karibu, aisee. Moto wa kibatari hautulii, unacheza na upepo, na kiboksi kikawa kinatetemeka sauti kama mwimbaji wa zamani wa taarabu anavyovuta neno la mwisho. Mama alikuja mlangoni kuuliza nani analia.

Kwenye singeli nakitumia hivi. Ule mlango mmoja wenye kapasita kubwa ukiuzungusha mpaka mwisho hautoi noti tena, unatoa tik, tik, tik. Singeli ya mapigo 240 kwa dakika ni mapigo manne kwa sekunde, kwa hiyo naizungusha volyumu mpaka ziwe nne, kwa sikio, narekodi, afu nakata na kunyoosha kwenye FL Studio, programu yangu ya kutengenezea biti. Lazima unyooshe, maana kiboksi hakijui midi, ile lugha ya vyombo na kompyuta kuelewana, wala saa, kinaenda kwa mudi yake na betri ikianza kuchoka kinayumba zaidi. Mtu anayetaka kitu kikae kwenye mstari atakichukia. Mi hiyo kuyumba ndo nililipia.

Kasoro? Zipo. Jeki kaibana na nati moja bila washa, ikalegea ndani ya wiki mbili. Kifuniko cha mkebe ni bati tupu, na hapa kwetu na hewa hii ya chumvi, mi nakaa upande wa Raskazone, kutu ilianza kona moja kabla mwezi haujaisha. Nimepaka rangi ya kucha. Ukikinunua mwambie akuwekee kwenye kontena la plastiki, anazo, bei ile ile, ila sauti ya spika inapooza kidogo maana bati linasaidia kuvuma. Chagua.

Sasa marimba.

Elfu sitini, na hapa ndo baiskeli zinaingia. Si unajua Tanga ni mji wa baiskeli, spoku hazikosekani, mzee anazikata anazigonga bapa kwa nyundo juu ya kipande cha reli, anazipanga 11 juu ya kisanduku cha mbao, unazipiga kwa vidole gumba. Ukiisukuma spoku ndani ikawa fupi noti inapanda, ukiivuta nje inashuka. Mfano wake ni ilimba ya Wagogo, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose aliyeishi Bagamoyo alizunguka nayo dunia, mpaka akarekodi kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel kule Uingereza. Ilimba ya kweli ina tundu kwenye kisanduku lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mzizimo wa nzi, zzzz, nyuma ya kila noti. Mzee hana subira ya kutafuta buibui. Anatumia ule utando mwembamba unaokaa kati ya ganda na ganda la kitunguu. Siyo utani. Anaubandika ukiwa mbichi, unakauka unakaza kama ngoma, na unazizima kweli, na ukipasuka unamenya kitunguu kingine. Wangu umeshapasuka mara tatu, mara moja mtoto wa dada kauchokoa na kidole.

Ndani ya kisanduku kabandika kisahani kimoja, kile cha shaba chenye kitu cheupe katikati, kinatolewa kwenye midoli inayoimba na kadi za muziki. Ukikitikisa kinatoa umeme kidogo, jambo hilo ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, walilionyesha toka mwaka 1880. Hapa wajanja wengi wanakosea na mi nilikuwa mmoja wao. Nilishawahi kubandika kisahani kama hicho kwenye kopo langu mwenyewe nikachomeka moja kwa moja kwenye mikisa, sauti ikatoka kama ya nyuki ndani ya chupa, hamna besi hata kidogo, nikalaumu kisahani. Kumbe kisahani ni chombo dhaifu, kinataka kuingia mahali penye upinzani mkubwa sana, ukikipeleka kwenye mikisa ya kawaida mikisa inakikamua, besi yote inapotea njiani. Mzee kaweka transista moja ya FET, aina isiyokamua kisahani, na rizista ya ohm mega moja katikati, vitu vya pesa ya chai, na marimba ikatoka nzima, ile dum ya mbao unaisikia kifuani. Nilikaa navyo viwili, kopo langu na marimba yake, nikabadilisha waya huku na huku nusu saa nzima, na nilichojifunza hapo hata kama marimba ingeibiwa kesho hela yangu imerudi.

Halafu akanionyesha kupandisha kidogo gain ya mikisa, ile ya kukuza sauti inayoingia, mpaka sauti iungue. Wakongo wa Konono N°1 wa Kinshasa ndo walifika mbali na mchezo huo, likembe zao, marimba za vidole gumba kama hii, walizifungia pikapu (vinasa sauti) walizotengeneza wenyewe kwa sumaku za vyuma vya magari yaliyokufa, wakazitoa kwenye spika za honi, zikakwaruza, na watu wakacheza kwa sababu ya huko kukwaruza. Marimba ya mzee ukiisukuma inakwenda njia hiyo hiyo. Ukizidisha inapiga mluzi na unaukimbiza mluzi kwa kugeuza kisanduku mbele ya spika, jambo ambalo kwa kweli lilinifurahisha kuliko kupiga wimbo wenyewe.

Tatizo moja la marimba ambalo siyo tatizo ila ujue: anaipanga noti kwa sikio la Kigogo, na noti za Wagogo zinafuata zile sauti za asili ambazo waya mmoja unazitoa ukiugawa, haziendani na kinanda. Mara ya kwanza niliiweka juu ya kodi za kinanda ikawa kama wageni wawili wanaogombana kwenye daladala. Ukitaka ikae na kinanda mwambie kabla, atakaa na wewe atazisogeza moja moja. Mi nilisema sitaki, nimebadilisha kinanda ndo kikaifuata marimba. FL inakuruhusu kushusha na kupandisha noti kwa senti, yaani vipande vidogo kati ya noti na noti, kazi ya jioni mbili.

Haya, vijiko.

Elfu tisini. Hii ni kazi ya kijana, mzee kachonga ubao tu. Ubao wa mvule, juu yake vijiko 12 vya chuma vile vya mama ntilie vimepangwa kama vibao vya kinanda, kila kijiko na waya wake, waya zote zinaingia kwenye aisii ya MPR121 ambayo inasikia mguso wa vidole na ina sehemu 12 za kugusa, ndo maana vijiko ni 12 na 12 ndo noti za oktavu moja, kila kitu kimekaa sawa kama kimepangwa na Mungu. Hapo inakwenda kwenye bodi ndogo ya Arduino, kijikompyuta cha kuandikia programu, ya aina inayojitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya midi, huhitaji kusakinisha chochote, unachomeka yuesibii, FL inaiona. Midi ni lugha ya tangu mwaka 1983 na bado kila programu inaielewa. Hapo nampa kijana heko.

Nyumbani vilikuwa vitamu. Kugusa kijiko cha baridi na sauti ikatoka, ni kitu kingine. Havijui umegusa kwa nguvu au taratibu, midi inaruhusu namba 0 mpaka 127 za ukubwa wa pigo ila vijiko vinatuma namba moja tu siku zote, sawa, nikasema nitaviwekea sauti zisizohitaji hayo. Nikaweka makofi, honi ya meli, neno "eeeh" la mama, na kijiko cha saba nikaweka vigelegele, nilivirekodi kwenye kitchen pati ya binamu, wanawake kama kumi na tano, vizito.

Mnaona linakokwenda.

Harusi ya Mabawa, mwezi wa nne, mvua imenyesha mchana, jioni imekatika jua limebaki mvuke, turubai linatona, sote tunatoka jasho. Umeme wa jenereta. Laptopu yangu iko kwenye chaja ya pini mbili. Tumepiga taarabu vizuri, nikagusa vijiko mara mbili tatu watu wakafurahi, wakina mama wakaja kuuliza hivi ni vijiko kweli. Tukasimama kupisha nasaha. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akashika maiki, mtu mzima sana, sauti ya kukatika, turubai zima kimya, akaanza kumwambia bwana harusi, mwanangu, mke ni

Vigelegele.

Mi niko mita mbili toka kwenye ubao, mikono mapajani. Mzee akanyamaza. Watu wakacheka kwa heshima wakidhani ni furaha ya wakina mama. Akaendelea, ndoa inataka subira, vigelegele, subira na, vigelegele, honi ya meli. Nilivyoruka kufuata ubao nikajikwaa kwenye waya, nikaushika ubao kwa mikono miwili ili nisianguke, kwa hiyo vijiko vyote vikalia kwa pamoja. Mama wa bibi harusi hajanisalimia vizuri mpaka leo.

Nilivyomrudishia kijana nikamweleza, kidogo alitaka kunilaumu mimi, afu akakaa akafikiri na kilichonifurahisha akasema ukweli. Kwanza, vijiko vikiwashwa vinapima hali ya wakati huo na kuichukua kama ndo kawaida, ukiwasha mchana mkavu afu usiku hewa imejaa maji na vijiko vimepata umande, kawaida imeshahama, kijiko chenye maji kinaonekana kama kimeguswa. Pili, waya za vijiko ni ndefu na kazifunga pamoja kama fungu la mchicha, zinasikilizana. Tatu, chaja ya pini mbili haina waya wa ardhi, na kwenye jenereta ndo kabisa, kelele yote ya umeme inapita kwenye laptopu mpaka kwenye vijiko. Nne, na hili kalisema kwa sauti ndogo, kiwango cha mguso kwenye programu kakiweka chini mno ili kijiko kiitike haraka kwa wanunuzi wanaojaribu pale kibandani. Mzee alikuwa anachomea amplifaya ya msikiti, hakuinua hata kichwa, akasema tu, "Mi nilikwambia mwanangu, kijiko ni cha wali."

Kijana hakupenda. "Mjomba, marimba yako nayo ilianza na utando wa buibui ukashindwa." Mzee akanyamaza, kwa hiyo huko nyuma kuna hadithi.

Kwa hiyo kwa sasa vijiko usichukue kama unapiga nje au kwenye watu. Kama ni mtu wa chumbani, laptopu ikiwa kwenye betri, umewasha bila kugusa chochote na ukasubiri kidogo, chukua, utafurahi. Ila elfu tisini ni hela, ukijikusanya kidogo zaidi unapata kibodi ndogo ya midi ya dukani isiyojali mvua.

Kuna na vile vinanda vya watoto vya mtumba anavyovichokonoa, anafungua anaunganisha sehemu mbili za saketi ambazo hazikutakiwa kukutana mpaka kinanda kinaanza kuimba kwa lugha isiyojulikana. Mchezo wa Reed Ghazala huo, Mmarekani aliyeuanza miaka ya 60 baada ya amplifaya ya mdoli kujipiga shoti yenyewe ndani ya droo yake. Elfu ishirini. Vinachekesha siku mbili, mi sikuchukua. Nilichokipenda ni kwamba mzee anachokonoa vya betri tu, kitu chochote kinachochomekwa ukutani hakigusi kwa mchezo huo hata ukimlipa mara tatu, na kuna kijana alikuja na redio ya umeme mbele yangu akafukuzwa kwa maneno makali.

Huduma. Ukiagiza kitu anakwambia wiki moja, hesabu tatu, maana aisii zinatoka Kariakoo kwa basi na kuna siku basi limeleta mzigo wa mtu mwingine, tukafungua tukakuta vifungo vya mashati. Simu hapokei, siyo jeuri, iko chini ya redio. Malipo nusu kwanza. Risiti hamna, anakuandikia kwenye daftari jina lako na kitu ulichochukua na tarehe, na nilivyorudi na jeki iliyolegea akafungua daftari akanikuta, akabana bure, akaweka washa bila mi kusema. Bei hapunguzi ila anaongeza, marimba nilipewa na spoku tano za akiba, na kitunguu. Kitunguu kizima, maji hayajakauka.

Juzi kijana kanitumia ujumbe kwamba vijiko viko tayari, kafupisha waya, kila mmoja kauvalisha ganda lake, kaongeza kitufe cha kupima upya kawaida bila kuzima. Kaniletea na video, kavimwagia maji ya glasi na havijalia. Nitaenda Jumamosi. Vigelegele nimeshavihamishia kijiko cha kumi na mbili, kile cha pembeni kabisa.

Na wewe ukienda, nenda baada ya alasiri, kabla ya hapo mzee amelala, na beba hedifoni zako mwenyewe za kujaribia. Fundi cherehani wa mlango wa pili kashasema kile kiboksi kikilia tena saa saba mchana atakuja na mkasi.